Siku kumi bila sauti: safari ya vitunguu hadi Mangola

Kazi yangu ni mdomo. Nanadi vitunguu soko la Ilala, mwaka wa kumi na mbili huu. Mwezi uliopita sauti ilianza kukwaruza, na asubuhi moja ikakatika katikati ya gunia, wateja wakanitazama nikipanua kinywa kama samaki. Daktari aliingiza kamera ndogo kooni akanionyesha vinundu viwili kwenye nyuzi za sauti, vimekaa vikitazamana kama wapangaji waliogombania umeme. Dawa: siku kumi kimya. Kunong'ona nako marufuku, maana anayenong'ona naye anazikaza nyuzi zilezile.

Kaka yangu, ambaye ndiye mwenye mtaji, hakuona sababu ya kunipa mapumziko. Alisema dalali asiye na sauti sokoni ni mzigo, basi niende Mangola, kule Karatu kunakolimwa vitunguu, nikasimamie mzigo wa kweli. Akanipa mtoto wa dada yetu, yuko likizo, anasoma isimu, elimu ya lugha, mwaka wa pili chuo kikuu, awe mdomo wangu. Mdomo huo nilikuwa naulipa elfu kumi na tano kwa siku pamoja na chakula. Haya yametoka kwenye daftari nililolining'iniza shingoni. Nusu ya kurasa zake ni "nipe maji", "siyo hiyo", "muulize tena".

SIKU YA KWANZA: DAR HADI ARUSHA

Stendi ya Magufuli, saa kumi na moja alfajiri. Kama hujawahi kuwakataa wapiga debe bila kutumia mdomo, usijaribu. Nilitikisa kichwa, wakasoma kwamba nataka nipunguziwe nauli. Nilipunga mkono, wakaudaka. Mpwa wangu aliporudi kutoka chooni alikuta begi langu limeshawekwa kwenye buti ya basi la Mwanza.

Njiani nilikuwa na kazi moja tu, kutazama. Dereva wetu alikuwa anaongea na barabara nzima bila kufungua dirisha. Lori linakuja, linawasha taa mara mbili, dereva wake anapigapiga hewa kwa kiganja kilichoelekea chini. Maana yake trafiki wako mbele, punguza. Dereva wetu anainua vidole viwili kushukuru. Konda naye akigonga bodi mara moja gari linasimama, akigonga mara mbili linaondoka. Hayo nayajua tangu nasoma shule ya msingi, lakini sikuwahi kuyahesabu kuwa ni maneno.

Mama niliyekaa naye alinisalimu. Mpwa wangu akamweleza, "Mjomba haruhusiwi kuongea." Basi akaanza kunipazia sauti, neno mojamoja, "U-NA-KWEN-DA WA-PI?" Baadaye akaona anachoka, akawa anamuuliza kijana: anakunywa chai? Amekula? Mtu akikosa sauti, watu wanamnyang'anya na masikio.

Korogwe tuliposhuka kula ndipo nilipopata somo langu la kwanza. Nilikuwa namwonyesha mpwa wangu kwa mikono kwamba chipsi ziwe bila pilipili, akatokea kijana mmoja amechangamka kweli, akasimama mbele yangu, mikono yake ikaanza kwenda. Mikono, nyusi, mabega, mashavu. Kila kitu kilikuwa kinakwenda kwa mpangilio, kasi ileile ninayonadia mimi, na sikuambulia hata chembe. Nilionyesha koo langu, nikafanya kama nalikata kwa kidole. Kijana akasimamisha mikono. Alinitazama kwa ile huruma tunayomwonea mgeni aliyekariri "jambo" na "asante" tu. Akachukua daftari langu akaandika: "Wewe unaigiza. Mimi naongea."

Alikuwa kiziwi tangu utotoni, amesoma shule ya viziwi ya Tabora, ambayo imekuwapo tangu 1963. Aliandika kwamba alipohamia Dar alikuta viziwi wenzake wana ishara nyingine kwa mambo mengi, kwa sababu kila shule ilikuza za kwake, na ilimchukua muda kuzoea. Aliandika haraka na herufi zake zilikuwa nzuri kuliko zangu. Kisha basi lake likapiga honi, yeye hakusikia, mwenzake akamgusa bega, akaondoka.

Kutoka Korogwe hadi Same mpwa wangu hakunyamaza. Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake, mjomba. Nyusi zikipanda huenda sentensi imekuwa swali, mjomba. Siyo Kiswahili cha mikono, mjomba. Nilitamani nipate sauti ya dakika moja tu nimwambie apumzike.

SIKU YA PILI: ARUSHA HADI KARATU

Makuyuni gari lilisimama kupakua mizigo. Mtoto wa Kimasai, wa miaka sita hivi, alinijia akainamisha kichwa mbele ya tumbo langu. Mimi mtu wa Ilala nikanyoosha mkono kumpa tano, nikampiga nao kwenye paji la uso. Mzee aliyekuwa naye alicheka hadi fimbo ikamponyoka. Akaushika mkono wangu, akaufungua kiganja, akauweka juu ya utosi wa mtoto. Hivyo ndivyo mkubwa anavyoitikia.

Nililifikiria hilo wakati tunapanda ukingo wa Bonde la Ufa, Ziwa Manyara likiwa chini yetu limepauka kama bati. Wazee hutuambia shikamoo ni kufupisha "nashika miguu yako". Sisi tumebaki na maneno, miguu hatuishiki tena. Wale wamebaki na kichwa chenyewe.

Karatu mjini salamu ni "Saita", na unaitikia "Saita". Mpwa wangu alikuwa anaigawa barabarani kama pipi.

Usiku mama alipiga simu kutoka Tanga. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nilipokea kwa mazoea, nikabaki na simu sikioni. Mama akaita jina langu mara nne. Hapo nilielewa kwamba yote niliyojifunza kwa siku mbili, nyusi, viganja, mabega, hayapiti kwenye simu. Mpwa wangu alinipokonya akaeleza. Mama hakuridhika. Alitaka nirudishiwe simu, akasema, "Kama ni wewe na u mzima, gonga mara tatu. Mara moja hata mwizi anaweza." Nikagonga kwa ukucha, mara tatu. "Haya. Sasa wewe kalale, mimi ninaendelea." Akaendelea kwa dakika ishirini: bei ya dagaa, bati la jikoni, mjukuu anayekojoa kitandani.

SIKU YA TATU: MANGOLA

Barabara ya Karatu kuteremka Mangola ni vumbi tupu, halafu ghafla unaona kijani. Ni chemchemi zinazomwagilia mashamba, na mashamba ni vitunguu hadi macho yanachoka, upande wa pili kukiwa na Ziwa Eyasi lenye magadi. Wanunuzi wanatoka kila kona, na lugha zinatoka kila kona. Mpwa wangu alikuwa amengoja kufika hapa tu. Alinikalisha kwenye kibanda cha chai Barazani akanihubiria: mwaka 1963 Mmarekani Joseph Greenberg alizigawa lugha za Afrika katika familia kubwa nne, na huku kwetu zote nne zinakutana. Sisi Wabantu ni moja. Wairaqw ni Wakushi, ndugu wa mbali wa Wasomali kwa lugha. Wadatooga ni Waniloti. Wahadzabe wanaongea kwa vidoko, zile sauti za kupasua kwa ulimi, wakawekwa kapu moja na Wasandawe wa Chemba na watu wa Kalahari, ingawa siku hizi wataalamu wengi wanaona Kihadza kinajisimamia chenyewe, hakina ndugu anayejulikana duniani.

"Kanda nzima ya Ulaya Magharibi haina tofauti kama za hapa kwenye chai," alisema. Nikaandika: "Lipa chai."

Mwenye shamba ni mama wa Kiiraqw, mtu mzima, sura ya kazi. Tulifika tukamkuta anapanga vitunguu kwa ukubwa bila kuvitazama, vidole vinapima vyenyewe. Alitaja bei ya gunia. Kwa kawaida hapo mimi huanza: nacheka, naita jina la Mungu, najifanya naondoka. Sasa nilikaa. Nilimtazama tu. Akasubiri. Nikatazama vitunguu. Akasema, "Basi punguza elfu tano." Nikamtazama mpwa wangu, naye kwa bahati alikuwa anatazama ndege. Mama akapunguza tena. Nilinunua magunia sitini kwa bei ambayo mdomo wangu haujawahi kunipatia, na sijui kama niseme nilikuwa mjanja au yeye alinionea huruma. Siku iliyofuata aliniletea asali na tangawizi kwenye chupa, kwa hiyo nadhani ni huruma.

Jioni alimfundisha mpwa wangu kusema mvua kwa Kiiraqw, tluway. Kuna watu wanaitwa hivyo, aliyezaliwa mvua ikinyesha. Na ile "sl" ya jina la Slaa, yule aliyekuwa mbunge wa Karatu akagombea urais 2010, nchi nzima tulikuwa tunaitamka kama "silaa". Siyo. Mama alionyesha: bandika ncha ya ulimi pale unapoiwekea l, kisha usiitoe sauti, pumua tu, hewa ipite mashavuni pande zote mbili. Mpwa wangu alirusha mate. Mimi nilijaribu nikapatia papo hapo. Sauti hiyo haihitaji koo, ni hewa na ulimi basi. Mama alipiga makofi akasema kumbe huyu bubu wenu anajua Kiiraqw. Hilo ndilo neno langu la kwanza kwa siku tatu, na lilikuwa robo ya neno.

SIKU YA NNE: KWA MHUNZI

Gari letu lilikuwa bado Karatu linatengenezwa springi, kwa hiyo siku hii ilikuwa ya bure. Mama wa vitunguu alikuwa na jembe la kunolewa, tukamfuata kwa mhunzi wa Kidatooga.

Chini ya mti kuna moto mdogo, na kijana anasukuma mivukuto miwili ya ngozi, mkono huu ukipanda ule unashuka. Mhunzi amechuchumaa anagonga msumari mrefu uwe kichwa cha mshale. Pembeni ameketi Mhadzabe, mtu mfupi mkakamavu, ameleta asali kubadilishana. Mama wa Kiiraqw na jembe lake. Na mimi. Familia zote nne za Greenberg kwenye moto mmoja, na mmoja wao hasemi.

Mhadzabe alikuwa anahesabu mishale yake kwa kuigusa. Nikasikia "samaka". Nikamtazama mpwa wangu: samaki? Ziwa la magadi, samaki gani? Aliuliza. Yule bwana, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri tu, alicheka. Samaka ni tatu. Mpwa wangu akasema tatu hiyo Wahadzabe wameikopa kwa Wadatooga, na Wakalenjin wa Kenya, ambao ni jamaa zao, wanasema "somok". Kumi Wahadzabe wanasema "ikhumi", waliichukua kwa Wasukuma, kwa hiyo hiyo hata mimi niliielewa. Moja na mbili ndizo za kwao. Zaidi ya hapo, msituni, nani alikuwa anahesabu?

Kisha yule Mhadzabe akatufundisha vidoko. Viko vya aina tatu. Kimoja ni kile tunachopiga sote tukisikitika, ulimi nyuma ya meno. Kingine ni cha pembeni, kama unavyomhimiza punda. Cha tatu kinapasuka juu ya kinywa kama kizibo cha chupa. Kwetu hizo ni sauti za hisia, mtu hazihesabu kama herufi. Ukizipiga mbele ya mkweo umemdharau. Kwao zinakaa ndani ya neno kama b na t, na ukikosea unasema kitu kingine. Na hizi nazo hazihitaji koo! Nilikaa pale nusu saa nikipiga vidoko kama paka anayekunywa maziwa, mhunzi akinitazama kwa wasiwasi.

Akaja mwanamke wa Kidatooga na maji. Amevaa sketi ya ngozi yenye nyuzi ndefu, na alama za duara zimechorwa kuzunguka macho. Mpwa wangu, kwa heshima zote, akamuuliza jina la mzee mwenye boma. Mwanamke akageuza uso. Akaweka kibuyu chini. Kijana akadhani hakusikia, akarudia. Mtoto mdogo aliyeshika sketi ndiye aliyejibu, kwa sauti kubwa, na mwanamke akaenda zake.

Mama wa vitunguu alituvuta pembeni. Mzee yule ni baba mkwe wake. Mke wa Kidatooga hataji jina la baba mkwe wala wakubwa wengine wa ukoo wa mumewe, na siyo jina tu, hata neno la kawaida linalofanana nalo hulikwepa, anaweka lingine. Wake wa ukoo wana maneno yao kabisa kwa ajili hiyo. Mpwa wangu alitaka aingie ndani ya ardhi. Mimi nilimkumbuka bibi yangu wa Tanga, aliyezikwa bila mimi kusikia hata siku moja akilitaja jina la babu. Alikuwa akisema "mwenyewe". "Mwenyewe amekuja." "Mwenyewe hali pweza." Na alipotaka kumwonyesha alitumia midomo, anaichongoa kuelekea barazani, na sisi watoto tunajua.

Mchana lilikuja gari la watalii. Mmoja, mzee mpole, alitaka kumpa mtoto biskuti. Akamwita kwa kidole kimoja, kiganja kikitazama juu. Mtoto hakusogea. Akaita tena, anatabasamu, mtoto akarudi nyuma. Kwetu hivyo anaitwa mbwa, na hata mbwa wa mwenzio humwiti hivyo. Mtu anaitwa kwa kiganja kilichoinama, vidole vyote vinakuja pamoja. Nilimwonyesha yule mzee. Akainamisha kiganja, akapunga, mtoto akaja. Mkalimani bubu, bila malipo.

Usiku yule Mhadzabe alimwambia mpwa wangu kwamba tukitaka kuona namna ya kuongea na ndege tumpitie alfajiri.

SIKU YA TANO: NDEGE

Tulitembea saa nzima kwenye migunga na mibuyu. Yeye mbele, hasemi. Akisimama tunasimama. Akiona unyayo anauelekezea mshale, basi. Mpwa wangu aliwahi kuuliza kitu akanyamazishwa kwa jicho, nami nilifurahi sana.

Kisha akapiga mluzi. Haukuwa wa kuita mtu. Ulikuwa wimbo mfupi unaopanda na kushuka, akaurudia, akatembea, akaurudia. Baada ya muda kikaja kindege cha kijivu, hakina uzuri wowote, kikatua juu ya tawi kikaanza kupayuka, che-che-che, kama konda anayejaza gari. Ni mlembe. Anaruka mti mmoja, anasubiri, anapayuka, mtu anajibu kwa mluzi, anaruka mwingine. Tulifika kwenye mbuyu. Yule bwana akatega sikio kwenye shina, akacheka. Nyuki.

Hapa nilitaka kulia, na sitanii. Miaka kumi na mbili naita wateja na sijawahi kuitikiwa vile.

Niliporudi Dar mpwa wangu alinionyesha kwamba jambo hili limepimwa. Mwaka 2023 jarida la Science lilitoa utafiti wa Claire Spottiswoode na Brian Wood, uliofanywa kwa Wahadzabe wa vilima vya Kidero na kwa Wayao wa Niassa, Msumbiji. Wayao hawapigi mluzi, wao huguna kwa kutetemesha midomo, "brrr-hm". Walipowapigia ndege wa Kidero sauti zote mbili, ndege walikuwa tayari kushirikiana zaidi ya mara tatu kwa mluzi wa Kihadzabe kuliko kwa mguno wa Kiyao. Kule Niassa mambo yakageuka, mguno ukashinda. Ndege yuleyule, asali ileile, lakini anamsikiliza anayemwita kwa lugha ya mtaa wake. Ilala pia mteja wa nyanya hageuki ukimnadia vitunguu.

Malipo ndiyo yaliyoniudhi. Wayao humwachia ndege nta ale. Bwana wetu alipomaliza kutoa asali, moshi bado ukitoka kwenye tundu, alikusanya masega matupu akayatia motoni. Mpwa wangu akauliza kwa nini. "Akishiba hatafanya kazi." Nilimfikiria kaka yangu.

Njiani kurudi alisema kingine ambacho bado kinanirudia. Wanyama wakubwa, pundamilia, twiga, simba, nyati, wana jina la uzima na jina la kifo. Ukirudi kambini umeua, hutumii lile la kila siku. Unasema lile jingine, na watu wanajua mara moja kuna nyama.

Mchana gari lilifika. Tukapakia. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, na mimi lumbesa siitaki, nimeshalipishwa faini nazo. Nilipitisha kiganja usawa wa mdomo wa gunia: kata hapa. Wapakiaji wakaelewa: anzia hapa. Wakaongeza kilemba cha vitunguu juu, wakashona na kamba. Nilipowaona walikuwa wamemaliza magunia kumi na moja. Mpwa wangu alikuwa wapi? Anajifunza vidoko.

SIKU YA SITA: BABATI HADI KONDOA

Tuliondoka usiku, Makuyuni, Minjingu, Babati. Nimelala sana. Karibu na Kolo tairi likapasuka. Kibao cha michoro ya mapangoni kilikuwa pale pale barabarani, urithi wa dunia tangu 2006, na hatukwenda kuiona, kwa sababu mtu mwenye magunia sitini juani haendi kuangalia michoro.

Mafundi wa tairi walikuwa Warangi. Mpwa wangu aligundua hilo akafurahi kama amekuta pesa. Kirangi ni Kibantu kama Kiswahili, lakini kuna mahali kinapindua sentensi: kitenzi kikuu kinatangulia, kisaidizi kinafuata. Kama vile mimi badala ya kusema "nitapika ugali" niseme "kupika nita ugali". Fundi alimsikiliza, akafuta mikono, akasema, "Sasa ulitaka tusemeje?"

Hapo aliomba lifti mzee wa Kisandawe, anakwenda Kondoa kupanda gari la Kwa Mtoro. Mpwa wangu akamtolea vidoko vyote alivyofundishwa Mangola pamoja na maneno mawili. Mzee alisikiliza kwa adabu. Kisha akapiga vya kwake, mfululizo, na kijana hakupata hata kimoja. Vidoko vinafanana, maneno ni mbalimbali. Ni kama kudhani Mchina na Mnyamwezi wanaelewana kwa vile wote wana herufi m.

Huyo mzee ndiye mtu pekee katika safari yote ambaye hakuuliza kwa nini siongei. Tulikaa kwenye kiti cha nyuma. Akanionyesha mlima kwa midomo, nikatazama. Nikamwonyesha mawingu, akatikisa kichwa, haitanyesha. Alitoa karanga, akanigawia. Alipotaka kushuka aliniuliza saa ya kuingia kwetu Dodoma kwa kunyoosha mkono juu, nami nikanyoosha wangu pale jua litakapokuwa limefika. Akaridhika.

SIKU YA SABA: DODOMA HADI DAR

Tuliacha magunia ishirini Dodoma, soko la Majengo. "Mbukwenyi," kijana alisalimu, na kina mama wa Kigogo wakamjibu kwa furaha, wakampunja kwenye mizani vilevile. Morogoro mvua. Dar saa sita usiku.

Mama alipiga kila siku, nikagonga mara tatu kila siku.

SIKU YA KUMI NA MOJA YA UKIMYA

Daktari alisema kumi, nikaongeza moja kwa woga. Kamera ikaingia tena. Vinundu vimenywea, havijaisha. Niongee kidogo, kwa upole, na kunadi nisahau hadi mwezi ujao.

Nilitoka nje, nikakaa chini ya mwarobaini wa geti, nikampigia mama. Nilikuwa nimepanga maneno mengi.

"Shikamoo mama."

Sauti ilitoka nyembamba, ya mtu mwingine, ina ukungu. Kimya upande wa pili. Kuku wanalia.

"Nani mwenzangu?"

"Mimi, mama."

"Mimi nani? Namba ya mwanangu hii umeipata wapi?"

Nikashusha simu, nikaigonga kwa ukucha mara tatu.

"Marahaba," akasema. "Ulikuwa wapi tangu asubuhi? Lile bati limeng'oka lote."